Data imekata baada ya kusasisha simu: hatua za kufuata kabla hujampa fundi aiflashi

Simu imejisasisha usiku, asubuhi inawaka vizuri, na intaneti hakuna. Bando lipo. Alama za mtandao zimejaa. Ukipiga simu inatoka na inapokelewa. Lakini ujumbe wa WhatsApp umebaki na alama ya saa, na kila ukurasa unaoufungua unazunguka tu.

Naandika mwongozo huu kwa sababu naona watu wakirudia kosa lile lile: wanaanzia mwisho. Shangazi yangu wa Mbagala, Dar es Salaam, anayepokea oda za vitenge kwa WhatsApp, alipatwa na tatizo hili akapeleka simu kwa fundi. Simu ikaflashiwa, yaani mfumo wake ukafutwa na kuwekwa upya. Picha za marehemu mume wake zikafutika zote, na jioni data ilikuwa bado imekata. Nilipofika kwake nilibadilisha chaguo moja tu, la laini ipi itumie data, na intaneti ikarudi pale pale. Aliniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, zile picha zilifutwa bure?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Ndiyo maana hatua hizi zimepangwa kuanzia zile zisizogusa kitu chochote chako hadi zile zinazofuta. Usiruke hatua, isipokuwa pale nitakapokuambia. Ukifika inayokufaa, ishia hapo.

## Andaa hivi kwanza

- Chaji isiyopungua nusu. Baadhi ya hatua zinazima na kuwasha simu.
- Simu ya pili inayopata intaneti, na iwe ya mtandao ule ule na wako ikiwezekana. Hii ndiyo kifaa muhimu kuliko vyote; mwombe jirani au mwenzako kazini akuazime kwa dakika 15.
- Pini nyembamba ya kutolea laini.
- Karatasi na kalamu. Utaandika mipangilio iliyopo kabla ya kuibadilisha, ili uweze kurudi ulipotoka.
- PIN ya laini, kama uliwahi kuiweka. Ukikosea mara 3 laini inajifunga, na utahitaji namba ya kuifungulia, iitwayo PUK.
- Nenosiri la Wi-Fi ya nyumbani au ofisini. Hatua ya 8 inalifuta kwenye simu.

Majina ya menyu ninayotumia ni ya simu za Android zilizowekwa Kiswahili. Kama yako iko katika Kiingereza, fuata alama na mpangilio, maana sehemu ni zile zile. Kila kampuni ya simu hupanga menyu kivyake, kwa hiyo usipoona jina mahali nilipotaja, liandike kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio. Panapotofautiana na iPhone nitasema.

## Hatua ya 1: Angalia bando, na aina ya bando

Najua umeshaliangalia. Angalia tena, kwa sababu moja: simu ikimaliza kusasisha mfumo, mara nyingi huanza kusasisha programu zake zote kimya kimya. Bando la GB 1 ulilojiunga jana linaweza kuwa limekwisha ukiwa umelala.

Piga *102# uone salio, kisha ingia kwenye menyu ya vifurushi ya mtandao wako. Hapa Tanzania ni *149*01# kwa Vodacom, *149*99# kwa Airtel, *147*00# kwa Yas (iliyokuwa Tigo), *148*66# kwa Halotel. Menyu hizi hazitumii intaneti, kwa hiyo zitafunguka hata data ikiwa imekata.

Soma aina ya bando pia. Kama ulijiunga la mitandao ya kijamii, WhatsApp itafanya kazi lakini kivinjari, barua pepe na programu ya benki vitakataa. Hapo simu haina ugonjwa wowote. Na usitegemee salio la kawaida likuokoe bando likiisha: laini inaweza kuwa imewekwa isitumie salio kwa intaneti mpaka wewe mwenyewe ukubali kutumia nje ya kifurushi.

Ukiona: MB za matumizi yote zipo na muda haujaisha, nenda hatua ya 2.

## Hatua ya 2: Jua ugonjwa uko wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kuna sehemu tatu zinazoweza kuwa na tatizo: mtandao wenyewe, laini yako, au simu yako.

Anza na mtandao. Chukua simu ya jirani ya mtandao huo huo, mkiwa mmesimama sehemu moja, mwambie azime Wi-Fi na afungue ukurasa wowote. Ikigoma na yake, weka simu chini usubiri. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchi nzima, na mtu aliyebadilisha mipangilio siku ile alikuwa anaharibu simu isiyo na ugonjwa. Kusasisha simu na kukatika kwa mtandao vinaweza kukutana siku moja bila kuhusiana.

Kisha laini. Zima simu yako, toa laini, iweke kwenye simu ya jirani. Data ikifanya kazi kule, laini ni nzima na kosa liko kwenye simu yako. Endelea na hatua ya 3. Ikigoma na kule, wakati laini ya jirani inafanya kazi kwenye simu hiyo hiyo, tatizo ni laini. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 10.

Kuna kipimo kingine cha haraka ambacho kila mtu Dar anacho mfukoni. Piga *150*00# kama ni Vodacom, au menyu ya pesa ya mtandao wako. Menyu ikifunguka, maana yake laini imesajiliwa kwenye mnara na inawasiliana nao. Programu ya M-Pesa ikigoma kufunguka huku menyu ya *150*00# inafunguka, si fedha zako zilizo na shida. Programu inapita kwenye data, menyu haihitaji data. Usianze kuhangaika na PIN.

## Hatua ya 3: Hali ya ndegeni, kuwasha upya, na saa

Washa Hali ya ndegeni, hesabu hadi 30, izime. Simu inajitoa kwenye mnara na kujiandikisha upya. Ikigoma, zima simu kabisa, subiri dakika moja, iwashe.

Sasa tazama tarehe na saa. Simu ikiamini leo ni mwaka mwingine, itakataa vyeti vya usalama vya tovuti karibu zote, na utaona onyo kwamba muunganisho si salama ingawa data inafika. Nenda Mipangilio, Mfumo, Tarehe na saa, washa chaguo la kujiweka yenyewe. Saa za eneo ziwe za Afrika Mashariki, GMT+03:00.

## Hatua ya 4: Laini ipi inatumia data?

Watu wengi hapa mjini wana laini mbili: moja ya M-Pesa na kupigia, nyingine ya bando kwa sababu bei yake ni nafuu. Sasisho kubwa linaweza kurudisha chaguo la data kwenye laini ya kwanza. Wewe umejiunga bando kwenye laini ya pili, simu inatafuta intaneti kwenye laini ya kwanza isiyo na kitu. Juu ya skrini unaona alama za laini zote mbili zimejaa, na hakuna kinachokuonyesha kosa.

1. Fungua Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha SIM. Kwenye Samsung ni Miunganisho, kisha kidhibiti cha SIM.
2. Tafuta palipoandikwa data ya simu. Chagua laini yenye bando.
3. Hakikisha kitufe cha Data ya mtandao wa simu kimewashwa kwa laini hiyo hasa. Kuna simu ambazo kila laini ina kitufe chake.
4. Kama kuna chaguo la kubadili laini ya data kiotomatiki, lizime. Hilo linaweza kukuhamisha bila kukuuliza na kukula salio la laini nyingine.
5. Rudia Hali ya ndegeni kama hatua ya 3.

Ukifanikiwa: alama ya 4G, au mishale miwili midogo ya juu na chini, itatokea pembeni ya laini yenye bando. Hapa ndipo ilipoponea simu ya shangazi.

## Hatua ya 5: Aina ya mtandao

Kwenye ukurasa ule ule wa SIM kuna chaguo la aina ya mtandao inayopendelewa. Baada ya sasisho simu inaweza kujiweka 5G wakati mtaa wako hauna 5G ya kueleweka, ikawa inapanda na kushuka bila kutulia. Chagua 4G ya kiotomatiki, ile inayoruhusu kushuka hadi 3G na 2G, utumie siku nzima uone.

Epuka chaguo la LTE pekee (yaani 4G peke yake), hasa lile linalofikiwa kwa kupiga *#*#4636#*#*. Vijana wanapenda kulitumia ili kupata kasi. Kama simu na laini yako hazipigi kwa 4G, data itaruka vizuri lakini simu za kawaida hazitaingia, na mama atakupigia mchana kutwa akidhani umezima.

Alama ya E pembeni ya mnara ina maana uko 2G. Data ipo, ila nyembamba mno kufungua picha. Ukiiona E mahali ambapo simu za wenzako zinaonyesha 4G, huenda laini yako ni ya zamani na haijawahi kuwa ya 4G; hilo linamalizwa hatua ya 10.

## Hatua ya 6: APN

Kama umefika hapa na data bado imekata, hapa ndipo ninapotegemea zaidi. APN ni jina la mlango ambao simu inagonga ili iingizwe kwenye intaneti na mtandao wake. Ukipiga simu hupiti mlango huo, ndiyo maana kupiga kunakubali na data inakataa. Sasisho linaweza kufuta APN, kuibadilisha, au kuacha mbili zinazogombana.

Kwanza jaribu kurejesha. Fungua Mtandao na intaneti, SIM, chagua laini yenye bando, shuka chini hadi sehemu yenye herufi APN. Gusa vidoti vitatu juu kulia, chagua kurejesha chaguo-msingi. Subiri sekunde chache, APN itajiandika upya. Zima na uwashe simu, kisha jaribu ukurasa.

Isipokubali, nakili kutoka simu ambayo data yake inafanya kazi. Usiokote APN kwenye makundi ya WhatsApp. Nyingi ni za nchi nyingine au za zamani. Chukua simu ya jirani ya mtandao ule ule, fungua ukurasa huo huo wa APN, na uandike kwenye karatasi kila kilichomo, herufi kwa herufi. Huna jirani? Piga 100, huduma kwa wateja, uwaombe wakutumie mipangilio ya intaneti.

Kisha kwenye simu yako:

1. Andika kwanza kwenye karatasi APN iliyopo sasa, hata kama unaona ni mbovu.
2. Gusa alama ya kujumlisha ili utengeneze mpya. Usifute ya zamani bado.
3. Jaza Jina, ambalo linaweza kuwa lolote, na APN, ambayo lazima iwe sawasawa na ya jirani, bila nafasi mwishoni. Kibodi huongeza nafasi baada ya neno na hutaiona, ifute.
4. Proksi, lango, jina la mtumiaji na nenosiri viache wazi kama kwa jirani viko wazi.
5. Tazama MCC (namba ya nchi) na MNC (namba ya mtandao) ila usiziguse. MCC iwe 640, ambayo ni Tanzania. MNC ni 04 kwa Vodacom, 05 kwa Airtel, 02 kwa Yas, 09 kwa Halotel. Kama unaona namba ya mtandao mwingine, uko kwenye laini isiyo sahihi. Toka, chagua laini ya pili, anza tena. Kosa hili limewapotezea watu saa nzima.
6. Kwenye aina ya APN andika kama ilivyo kwa jirani. Neno default lisikosekane, maana ndilo linaloiambia simu kwamba mlango huu ni wa intaneti ya kawaida.
7. Itifaki ya APN ikiwa imewekwa IPv6 pekee, ijaribu IPv4, au ile ya pamoja ya IPv4/IPv6.
8. Gusa vidoti vitatu, Hifadhi. Ukirudi nyuma bila kuhifadhi, kila ulichoandika kinapotea.
9. Gusa kiduara kilicho pembeni ya APN mpya ili kijae. Kuitengeneza tu hakutoshi, lazima uichague.

Kwenye iPhone sehemu hii iko ndani ya mipangilio ya data ya simu, na mara nyingine haionekani kabisa kwa sababu mtandao ndio unaoijaza. Hapo unganisha Wi-Fi, fungua Mipangilio, Jumla, Kuhusu, ukae kwenye ukurasa huo kwa dakika moja. Kama kuna sasisho la mipangilio ya mtandao wako, ujumbe utajitokeza, kubali.

Ukifanikiwa: ndani ya dakika moja alama ya mshangao au x iliyokuwa kwenye mnara inaondoka. Usipime kwa WhatsApp peke yake. Fungua ukurasa ambao hujawahi kuufungua, ili usidanganywe na kilichohifadhiwa zamani.

## Hatua ya 7: Vizuizi ulivyoviweka wewe

Data inafika lakini programu zingine zinagoma? Kagua hivi vitatu.

VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako njia nyingine. Watu wengi wanayo, na wengine wameisahau. Programu ya VPN ya zamani inaweza kushindwa kuelewana na mfumo mpya, na kama uliwasha chaguo la kuzuia muunganisho usiopitia VPN, simu nzima inabaki bila intaneti. Fungua Mtandao na intaneti, VPN, izime na uondoe kizuizi hicho.

DNS ya Faragha, yaani anwani ambayo simu inaitumia kutafutia tovuti. Iweke kiotomatiki. Waliowahi kuandika anwani ya kuzuia matangazo wanajikuta hapa mara nyingi: anwani ikifa, kila tovuti inakufa nayo.

Kiokoa Data. Kizime. Kisha shikilia alama ya programu inayogoma, ingia kwenye maelezo yake, sehemu ya data, uruhusu data ya chinichini. Kama ujumbe wa WhatsApp unaingia pale tu unapoifungua, sababu ni hii au kiokoa betri.

Ili uwe na hakika kwamba hakuna programu inayozuia, washa simu katika hali salama: bonyeza kitufe cha kuzimia hadi menyu itokee, kisha shikilia neno la kuzima mpaka uulizwe. Data ikirudi humo, mkosaji ni programu uliyoipakua. Anza kuondoa zile za karibuni.

## Hatua ya 8: Weka upya mipangilio ya mtandao

Hii haifuti picha, namba za watu wala meseji. Inafuta nywila za Wi-Fi, vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha, na APN ulizoandika kwa mkono. Ndiyo maana tuliandika karatasi.

Mipangilio, Mfumo, Chaguo za kuweka upya, kisha chagua ile inayotaja mtandao wa simu au Wi-Fi na Bluetooth. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza. Kwenye ukurasa huo huo kuna chaguo la kufuta data yote, na hilo ndilo linalochukua picha za watu. Kwenye iPhone: Jumla, sehemu ya mwisho ya kuhamisha au kuweka upya, weka upya, kisha mipangilio ya mtandao.

Simu ikiwaka, rudia hatua ya 4 kabla ya kulalamika, kwa sababu chaguo la laini ya data nalo linaweza kuwa limerudi mwanzo.

## Hatua ya 9: Tafuta sasisho dogo

Kampuni za simu zikigundua kwamba toleo jipya lina kasoro ya mtandao hutoa toleo dogo la kulirekebisha. Unganisha Wi-Fi, fungua sehemu ya sasisho la mfumo, angalia. Likiwepo, lisakinishe simu ikiwa kwenye chaji, na usilikatize. Umeme wa kwetu unajulikana, kwa hiyo jaza betri kwanza.

## Hatua ya 10: Duka la mtandao, kisha fundi

Kama hatua ya 2 ilionyesha laini ndiyo mbovu, piga *106# uhakiki usajili wake. Kisha nenda duka la mtandao wako, Mlimani City au lililo karibu nawe, ukiwa na namba ya NIDA na kidole chako mwenyewe. Omba ubadilishiwe laini kwa namba ile ile, na useme wazi unataka ya 4G. Usimpe mtu yeyote PIN yako ya pesa, hata aliyevaa fulana ya kampuni. Kubadilisha laini hakuhitaji PIN hiyo.

Kama laini ni nzima na simu imeshindikana, piga *#06# na uandike IMEI (namba za utambulisho wa simu) zote zinazotokea. Zikionekana kamili, tarakimu 15 kila moja, mueleze fundi hatua ulizokwisha kufanya, kwa mdomo na kwa karatasi. Fundi mzuri, na Kariakoo wapo, atakushukuru. Anayekujibu "tuflashi tu" kabla hajaishika simu, chukua simu yako uondoke.

Ikibidi kuflashiwa kweli, hamisha kwanza picha kwenda kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu, hifadhi mazungumzo ya WhatsApp, na uhakikishe unakumbuka akaunti ya Google na nenosiri lake. Bila hiyo akaunti simu inaweza kukufungia nje ikishawaka.

Na kabla ya kumlipa, piga tena *#06# ukiwa umesimama mbele yake. Namba zilingane na zile za kwenye karatasi. Kuflashi vibaya kunaweza kufuta IMEI, na kuna anayeficha kosa kwa kuandika namba ya kubuni. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI bandia, kwa hiyo simu inayokubali leo mezani kwa fundi inaweza kukataa mtandao wote, pamoja na kupiga, siku chache baadaye. Zisipolingana, usiondoke na simu hiyo wala usitoe hela.